Mhandisi wa Kofia Nyeupe

Ukifungua tovuti ya kampuni ile, kitu cha kwanza kukupokea ni jengo la vioo la ghorofa kumi na mbili. Jengo zuri kwelikweli. Lina kasoro moja tu, tena ndogo: si lao. Kampuni yenyewe iko juu ya duka la dawa. Unapanda ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga, unakuta chumba cha kwanza ni mapokezi na cha pili ni karakana. Cha tatu ni cha Mkurugenzi. Zamani kilikuwa stoo ya maboksi, mpaka Mkurugenzi alipoona kwamba mtu mwenye tovuti hawezi kukaa chumba kimoja na mafundi.

Na hilo neno mafundi ni heshima tu. Fundi alikuwa mmoja.

Huyo mmoja walimwita Fundi Kimya. Hakuwa bubu. Maneno alikuwa nayo kama watu wengine, ila yake yalichelewa njiani, na yakifika mdomoni yalikuta mazungumzo yameshahamia kwingine. Basi alikuwa anayameza na kurudi kwenye kazi. Alikuwa na miaka hamsini kasoro mmoja, mgongo uliozoea kuinama, na penseli sikioni ambayo mke wake alikuwa anamkumbusha kuitoa kabla ya kulala.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani. Mizani za saa, zile za mshale za kwenye mabucha, za kielektroniki za madukani, za kupimia magunia, hata zile ndogo za zahanati za kulazia watoto wachanga. Alikuwa na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kuanzia la kilo mbili hadi la gramu moja, kila moja kwenye shimo lake lililotandikwa kitambaa. Lile la gramu moja hakulishika kwa vidole hata siku moja. Alilishika kwa kibanio, kwa sababu jasho nalo lina uzito, na yeye hakutaka mteja apimiwe jasho lake.

Tena alikuwa na tabia ambayo hakufundishwa na mtu. Akimaliza kutengeneza mizani, kabla ya kufunga kifuniko, alichukua penseli na kuandika kwa ndani tarehe ya siku hiyo, na chini yake mizani ilikuwa inadanganya kiasi gani. "Gramu arobaini." "Gramu kumi na mbili." Jina hakuandika. Aliona jina litajaza nafasi bure.

Sasa tuje kwenye hiyo tovuti.

Mwanzoni kampuni ilikuwa na kibao cha mbao mlangoni, kimeandikwa TUNATENGENEZA MIZANI. Kila aliyejua kusoma alielewa, na asiyejua aliona mizani iliyochorwa pembeni. Hakuna aliyewahi kupanda ngazi kuulizia viatu. Lakini Mkurugenzi akaambiwa kibao ni mambo ya zamani, siku hizi kampuni ni tovuti. Aliyemwambia ni mdogo wa mke wake, mwenye kompyuta ya kubeba mgongoni na maneno mengi kuliko kompyuta yenyewe. Kila mtu alimwita Shemeji, hata wale ambao hakuwa shemeji yao kwa njia yoyote.

Tovuti ikatengenezwa, ikasifiwa, ikaachwa. Kampuni ikaanza kubadilika kama kampuni zote, lakini habari hizo hazikuifikia tovuti. Mwenzake Mkurugenzi, aliyeanzisha naye kazi, akachukua chake akaenda kufuga kuku. Kwenye tovuti akabaki Mwenyekiti wa Bodi, ingawa bodi haikuwapo na mwenyekiti mwenyewe alikuwa anaokota mayai. Fundi wa pili akaacha kazi akawa dereva wa lori. Kwenye tovuti akapandishwa cheo kuwa Mkuu wa Kanda. Ofisi ikahama mitaa mitatu, ramani ikakataa kuhama nayo. Wateja walikuwa wanatoka jasho na mizani begani mpaka anwani ya zamani, wanafungua mlango na kukuta wanawake wamekaa chini ya madude ya kukaushia nywele. Mwenye saluni alivumilia mwaka mzima. Alipochoka, akabandika karatasi mlangoni: MIZANI SI HAPA. NENDENI JUU YA DUKA LA DAWA.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa tangazo pekee la ukweli ambalo kampuni ilikuwa nalo, na hawakulilipia.

Kila mara Mkurugenzi alipokumbuka tovuti, alimwita Shemeji aisasishe. Naye hakuwa mvivu. Alibadilisha rangi. Alibadilisha herufi. Safari moja aliondoa kabisa neno mizani, kwa maelezo kwamba linaibana kampuni, na mahali pake akaweka: "Suluhisho Jumuishi za Upimaji kwa Kesho Iliyo Bora."

Dada wa Mapokezi, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliisoma mara mbili, akamgeukia Shemeji. "Samahani, shemeji. Hiyo kesho bora ni kilo ngapi?"

"Ndiyo maana wewe uko mapokezi," Shemeji alisema.

"Na ndiyo maana mimi ndiye ninayejibu simu za watu waliopotea," Dada akamjibu.

Lakini yote hayo hayakumgusa Fundi Kimya. Kilichomgusa kilikuwa kwenye ukurasa ulioitwa Watu Wetu. Hapo palikuwa na sura saba, na katikati, kubwa kuliko zote, palikuwa na Mkuu wa Ufundi: mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kofia nyeupe ya ujenzi kichwani, mikono imekunjwa kifuani, karatasi ya ramani kwapani, na meno yamepangika kama vigae vipya. Chini yake jina la sehemu tatu, likitanguliwa na neno Mhandisi.

Mhandisi huyo hakuwapo duniani. Au kama yuko, yuko nchi nyingine, anatangaza saruji.

Na kusema haki, aliyemzaa ni Fundi Kimya mwenyewe. Miaka sita nyuma, siku ya kupiga picha, Shemeji alikuja na kamera na taa. Fundi alipoona taa, akaanza kurudi nyuma. Akasema, "Anzeni na wengine, nakuja," akashuka ngazi kwenda kununua springi. Springi za mizani zilikuwa zinauzwa duka la nne kutoka pale. Siku hiyo alizitafuta mpaka jioni. Aliporudi, Shemeji alikuwa ameshafunga taa zake, na nafasi ya Mkuu wa Ufundi ilikuwa tupu. Nafasi tupu inatia aibu. Basi Shemeji akachukua mtandaoni picha ya mtu mwenye kofia, akampa jina na cheo, akasema, "Kwa siku mbili tu, mpaka tumpate Fundi."

Siku mbili hizo zilikuwa na miaka sita sasa.

Na katika miaka hiyo, Mhandisi alikuwa amejijengea jina. Fundi Kimya akifika bucha na sanduku lake, mwenye bucha alikuwa anachungulia nyuma yake.

"Mhandisi hajaja?"

"Amesafiri," Fundi alijibu, maana ndivyo Mkurugenzi alivyomwelekeza.

"Ana kazi nyingi, eh? Haya, si mbaya. Wewe ni kijana wake?"

Miaka hamsini kasoro mmoja, na mvi zimeshapiga hodi. "Ndiyo," alikuwa anasema Fundi, anakaa chini, anafungua mizani. Akimaliza, mshale unasimama sifuri palepale kama umepigiliwa msumari, na mwenye bucha anatikisa kichwa kwa furaha. "Mwambie Mhandisi asante sana. Yule mtu anajua kazi!"

Hata nyumbani Mhandisi alifika. Siku moja mke wake alikuwa anamwonyesha dada yake kwenye simu mahali mumewe anapofanya kazi. Jioni Fundi hajavua hata viatu, akaulizwa.

"Baba Mapacha, huyu mwanamume ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu. Mkuu wa Ufundi. Miaka kumi na tisa unaniambia ufundi wote pale ni wewe."

"Huyo hayupo."

"Hayupo, na ana meno yote haya?"

"Mama Mapacha, nakwambia hayupo."

Mke akaisogeza simu karibu na macho, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko Fundi alivyopenda. "Basi kwa mtu ambaye hayupo," alisema, "anapendeza."

Hayo yote Fundi Kimya aliyabeba. Aliona ni afadhali Mhandisi achukue sifa, yeye achukue kazi; sifa zinataka mtu wa kuongea. Angeendelea kuyabeba mpaka uzeeni kama isingekuwa ile barua kutoka idara ya vipimo.

Inafaa kujua kwamba mizani ikishatengenezwa, inafungwa kwa waya, na waya unabanwa kwa kipande kidogo cha madini ya risasi. Koleo la kubania lina nembo, linatolewa na idara, na bila alama yake mwenye duka hawezi kupimia mtu hata punje ya mchele. Fundi asiye na koleo ni sawa na kinyozi asiye na mashine: anaweza kukupigia soga tu, na Fundi Kimya hata soga hakuwa nayo. Barua ilisema kwamba makoleo yanaandikishwa upya. Kila koleo litaandikwa kwa mtu mmoja, kwa jina lake, na mtu huyo lazima jina na sura yake viwe kwenye tovuti ya kampuni, ili mwenye duka akitaka kujua anayemfungulia mizani ni nani, amwangalie kwenye simu. Mkaguzi angepita Ijumaa. Akikuta mambo hayajakaa sawa, angeondoka na koleo.

Dada wa Mapokezi alimsomea barua yote, kisha akarudia kipande cha mwisho polepole.

"Kaka Fundi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa usiende kununua springi."

Fundi alipiga moyo konde, akagonga mlango wa Mkurugenzi. Ilikuwa Jumatatu. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza kubwa iliyoingizwa chumbani kwa kukatwa mguu mmoja, na mguu huo ukashikiliwa kwa matofali.

"Bosi, ile tovuti," Fundi alianza. "Naomba... kama itawezekana... mniweke."

"Tovuti inasasishwa," alisema Mkurugenzi kwa furaha. "Shemeji anakuja kesho. Kampuni inabadilika, Fundi. Tunakwenda hatua nyingine."

"Hata pembeni tu, bosi. Hata padogo."

"Kesho, Fundi. Kesho."

Shemeji akaja kweli. Alikaa saa tano mapokezi, akanywa soda mbili, na alipoondoka tovuti ilikuwa imetoka bluu ya zamani kuingia bluu nyingine, ambayo kwa maneno yake ni bluu inayoaminika. Jengo la vioo liliongezewa ndege wanaopita juu. Mhandisi aliongezewa nyota tano.

Fundi alimsubiri ngazini.

"Shemeji, na mimi?"

Shemeji akashusha begi, akamwekea mkono begani kama mtu anayetoa habari za msiba. "Kaka Fundi, nikwambie ukweli. Mhandisi anafanya vizuri sana. Ukurasa wake ndio unaobonyezwa kuliko zote. Nikimtoa nikakuweka wewe..." Akamwangalia kuanzia viatu, akapanda polepole hadi penseli. "Takwimu zitaumia."

"Ijumaa Mkaguzi anakuja."

"Nimekuweka kwenye toleo la tatu. Usiwe na wasiwasi."

Fundi alirudi ndani ametulia kidogo. Dada akamrudisha alikotoka. "Toleo la tatu? Toleo la tatu analisema tangu mwaka juzi. Hata choo kilipoziba alisema kitakuwa kwenye toleo la tatu."

Usiku ule Fundi hakula vizuri. Mke wake alimwuliza kulikoni, akamweleza kwa maneno machache. Mke hakutania safari hii. Alisema tu, "Baba Mapacha, wakilichukua koleo utafanya nini?" Fundi alifikiri. Alijua kutengeneza mizani. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu cha pili.

Ijumaa karibu na saa sita, aliporudi kutoka kwa mteja, alimkuta Mkurugenzi na Shemeji wamesimama karakana wanamsubiri, na juu ya meza yake, kati ya bisibisi na chupa ya mafuta, kulikuwa na kofia nyeupe ya ujenzi.

"Tumepata njia," alisema Mkurugenzi. "Kwenye tovuti Mkuu wa Ufundi yupo, jina lipo, sura ipo. Kinachokosekana ni mtu. Utakuwa Mhandisi kwa dakika kumi."

Fundi akaigeuza kofia. Kwa ndani ilikuwa na alama ya jasho la mtu mwingine na chokaa kavu. "Na baada ya dakika kumi?"

"Baada ya hapo utaendelea kuwa wewe. Koleo litabaki, kazi itabaki. Kuna ubaya gani?"

"Mimi na yule hatufanani, bosi."

"Ukikunja mikono mnafanana," alisema Shemeji. "Na usicheke. Usionyeshe meno kabisa."

Kwa kweli halikuwa jambo gumu. Miaka sita alikuwa anafanya kazi ya Mhandisi. Kuvaa kofia yake dakika kumi si mzigo. Lakini Fundi aliyekuwa anaweza kusikia springi iliyochoka kabla hajaigusa, alisikia kitu hapo. Koleo likiandikwa kwa Mhandisi, litakuwa la Mhandisi. Siku yoyote ambayo Mkurugenzi atampata kijana mwenye meno, atamvalisha kofia ileile na kumpa jina lilelile, na yeye Fundi hataweza kusema kitu, kwa sababu kwenye daftari la idara hajawahi kuwapo. Maneno yakaanza safari ya kuja mdomoni. Yalikuwa bado kifuani ngazi za chuma zilipolia.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alipumua kwanza, akamtazama kila mtu, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Jengo la vioo nimelitafuta sana," alisema.

"Liko kwenye mipango, mheshimiwa," Mkurugenzi akajibu.

"Na hao ndege?"

Shemeji akainama kufunga kamba za viatu. Mama Mkaguzi akafungua mkoba, akatoa fomu na karatasi yenye picha ya Mhandisi aliyoichapisha kutoka kwenye tovuti. Akaangalia picha. Akamwangalia Fundi Kimya, aliyesimama kando ya kaunta na kofia imemkaa juu ya kichwa kama bakuli.

"Umekonda, Mhandisi."

"Kazi nyingi, mheshimiwa," akadakia Mkurugenzi.

"Naona pia umezeeka."

"Mizani zina mawazo," akasema Shemeji, na hata yeye akajutia.

Mama Mkaguzi hakucheka wala hakukasirika. Aliingiza mkono mkobani tena, akatoa kifuniko cha mizani ya saa, cha bati, kilichokunjika ukingo mmoja. "Hiki nimekichukua kwenye duka moja lililofungiwa. Mwenye duka alikata risasi akachezea springi. Lakini angalieni ndani." Kwa ndani kulikuwa na mistari sita ya penseli: tarehe, gramu, tarehe, gramu. "Miaka yote ya kazi hii nafungua vifuniko. Mafundi wengine wanaandika 'imetengenezwa', wengine hawaandiki kitu. Huyu mmoja anaandika ilikuwa inadanganya kiasi gani. Nimesema siku nikimpata, huyo ndiye wa kumkabidhi koleo."

"Ndiye Mhandisi wetu huyo!" Mkurugenzi alikaribia kupiga makofi.

"Vizuri. Basi, Mhandisi, andika hapa tarehe ya leo, halafu jina lako kamili, halafu saini."

Fundi akasogea. Kwa mazoea mkono ulikwenda sikioni ukatoa penseli. Akaandika tarehe. Chini yake palikuwa na mstari wa jina, mrefu, mtupu. Mkurugenzi, taratibu kabisa, akamnong'oneza jina la sehemu tatu, maana walijua hakulikariri.

Penseli ikasimama. Jasho lilikuwa linamtoka Fundi chini ya kofia ya mtu asiyemjua. Halafu akaivua. Hakuwa na mahali pa kuiweka, fomu imejaza kaunta, basi akaiweka juu ya mizani ya kaunta iliyokuwa karibu. Namba zikacheza, zikatulia. Naye, kwa sababu hajawahi kuona mizani ikitulia bila kuisoma, akaisoma.

"Gramu mia tatu na tisini," alisema.

"Nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Mhandisi." Sauti ilikuwa ndogo, lakini safari hii maneno yalikuwa yamewahi. "Mama, Mhandisi ndiye huyu hapa. Gramu mia tatu na tisini, kofia na mkanda wake. Zaidi ya hapo hayupo. Kazi nafanya mimi."

Dada wa Mapokezi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mama Mkaguzi akavaa miwani, akaweka kifuniko kando ya fomu, akalinganisha tarehe na tarehe. "Hilo nimeliona tangu ulipoandika," alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie. Lakini sheria haijali mimi nimeona nini. Saa nane naandika taarifa. Tovuti ikinionyesha mtu huyu, koleo linabaki. Isiponionyesha, naondoka nalo." Akalichukua koleo kutoka ndoano ya ukutani, akalipakata.

Macho yote kwa Shemeji. Saa ilikuwa sita na nusu.

"Haiwezekani," alisema Shemeji. "Kuna sava. Kuna kuhamisha vitu. Kwa haraka kabisa, wiki tatu."

"Wewe fungua tu," alisema Dada.

"Sasa... paswedi iko kwenye kompyuta yangu ya zamani. Na ile nilishaiuza."

Mkurugenzi alijishika kichwa. Tangu aiuze, ikabainika, Shemeji alikuwa habadilishi kitu zaidi ya rangi na mapambo, kwa sababu mlango wa rangi haukuhitaji paswedi, na wa Watu Wetu ulihitaji.

Fundi Kimya akakohoa. "Paswedi iko chini ya mizani."

"Mizani gani?"

"Hii. Shemeji aliibandika kwa chini siku ile ya picha. Naiona kila nikiisafisha."

"Miaka sita unaiona?" Dada alipiga kelele. "Miaka sita, Kaka Fundi, na umekaa kimya?"

"Haikuwa yangu," alisema Fundi.

Wakaipindua mizani, kofia ikabingirika chini, na kweli, kikaratasi kilikuwepo, kimepauka lakini kinasomeka. Kuanzia hapo kazi yote ya wiki tatu ilichukua dakika ishirini. Dada alikaa kwenye kompyuta ya mapokezi, akaingia, akamfuta Mhandisi kwa kidole kimoja. Hakuna aliyelia, isipokuwa Shemeji alivuta pumzi kwa uchungu.

Ikaja picha. Dada alipoinua simu tu, Fundi akaanza kusogea mlangoni. Lakini kiti cha wateja kilikuwa kando ya mlango, na Mama Mkaguzi alikuwa amekijaza.

"Unakwenda wapi, Fundi?"

"Springi, mama."

"Simama hapo."

Picha ikatoka kama zote za watu waliolazimishwa: macho yametoka, shingo imeingia ndani, penseli inaonekana kuliko pua. Shemeji aliomba apigwe upya. Mkaguzi akasema anafanana na mtu aliye mbele yake, hiyo inatosha.

"Cheo tuweke Mtaalamu Mwandamizi wa Suluhisho," alipendekeza Shemeji, ili angalau aokoe kitu.

"Anafanya nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Anatengeneza mizani," Dada akajibu.

"Andika hivyo."

Akaandika: Anatengeneza mizani. Ndivyo neno mizani lilivyorudi kwenye tovuti ya kampuni ya mizani. Mkurugenzi aliruhusu yote, ila alisihi jengo lisiguswe.

Saa saba na dakika tano Mama Mkaguzi aliangalia kwenye simu yake, akamwangalia Fundi, akaangalia tena simu. Fundi akaandika jina lake kwenye mstari. Mkaguzi akasimama, akalirudisha koleo mkononi mwa Fundi, si ukutani, akashuka zile ngazi, na kila ngazi ikalia kwa zamu yake.

Wiki ya pili, Dada akiwa amekwenda kula, simu ya mapokezi ililia, Fundi akalazimika kuipokea. Alikuwa mwenye bucha.

"Nimeona kwenye tovuti mmemwondoa Mhandisi!"

"Ndiyo. Ameacha kazi."

"Mmekosea sana. Sikiliza, mizani yangu imeanza kuruka, lakini sitaki huyo mpya. Sura yake kama hajalala wiki nzima. Kazi anaijua kweli?"

Fundi aliangalia meza yake. Kofia nyeupe ilikuwa imelala chali, imejaa springi. "Anajitahidi," alisema.

Alichukua sanduku lake akaenda. Mwenye bucha alipomwona akaangalia simu, akamwangalia yeye. "Kumbe ni wewe! Kijana wa Mhandisi! Kwa hiyo amekuachia nafasi?"

"Ameniachia."

Akakaa chini, akafungua, akasafisha, akabadilisha springi, akapanga mawe ya shaba moja baada ya jingine, lile la gramu moja kwa kibanio. Mshale ukasimama sifuri. Kwa ndani ya kifuniko akaandika tarehe, na gramu thelathini na tano. Halafu, kwa herufi ndogo za mtu anayeomba nafasi, akaandika chini yake jina lake. Akafunga, akapitisha waya, akabana risasi.

Mwenye bucha aliweka kipande cha nyama, akakiondoa, akakiweka tena. Alikuwa anatafuta kosa, hakulipata, na hilo halikumpendeza.

"Si mbaya," alisema mwishowe. "Lakini Mhandisi akirudi, aje aiangalie tena."

"Akirudi," alisema Fundi Kimya, akifunga sanduku lake, "nitamleta mwenyewe."